Dubu wa Hariri

Simama kidogo, mwanangu. Nyoosha mikono. Sasa nichezee neno hili: furaha.

Umeruka! Vizuri. Nichezee la pili: hasira.

Umekanyaga chini hadi kuku wamekimbia. Vizuri sana! Haya, nichezee la tatu: shemeji.

Mbona umesimama?

Usione haya. Hata mabingwa wa dunia husimama hapo hapo. Kulikuwa na mtunzi mkubwa wa baleti, George Balanchine, mmoja wa walioanzisha kundi la New York City Ballet mwaka 1948. Yeye alikuwa akisema kwamba katika baleti hakuna mama mkwe. Si kwamba aligombana na wakwe zake. Alikuwa akieleza jambo la kweli. Mwanamke akitokea jukwaani akacheza, utajua kama amefurahi au amehuzunika. Utajua kama ni kijana au mzee. Lakini utajuaje kwamba ni mama wa mume wa yule binti aliyesimama kule? Mwili hauna neno hilo. Mwili hauna "jana". Hauna "labda". Hauna "shemeji".

"Mjomba, baleti ndiyo nini?"

Umefanya vyema kuuliza kabla sijakimbia mbele. Baleti ni densi iliyokulia katika majumba ya wafalme wa Italia na Ufaransa, zaidi ya miaka 400 iliyopita. Wachezaji huanza kujifunza wakiwa wadogo kama wewe. Mabinti huvaa viatu vyenye ncha ngumu, wakasimama juu ya vidole vya miguu. Husimulia hadithi ndefu, na hakuna anayefungua mdomo. Baleti ya zamani ilipenda mgongo ulionyooka na mikono ya madaha. Baleti ya kisasa imeuruhusu mwili ujikunje, uanguke, ubiringike, hata uwe na sura mbaya pale hadithi inapotaka sura mbaya.

Sasa sikiliza alichofanya Mwingereza mmoja, Christopher Wheeldon. Alipokuwa kijana alicheza katika kundi lile lile la Balanchine, kwa hiyo habari za mama mkwe alizijua. Hata hivyo akachukua tamthilia nzima ya William Shakespeare, yenye maelfu ya maneno, akayatoa maneno yote. Yote! Tamthilia hiyo ni The Winter's Tale, iliyoandikwa yapata mwaka 1610. Baleti yake ilichezwa kwa mara ya kwanza na kundi la Royal Ballet jijini London, tarehe 10 Aprili 2014.

Na ni hadithi gani hiyo? Ni hii.

Palikuwa na wafalme wawili, marafiki tangu utotoni. Leontes alitawala Sicilia. Polixenes alitawala Bohemia. Polixenes akaja kumtembelea mwenzake, akakaa miezi tisa. Miezi tisa! Mgeni wa kawaida siku ya tatu hupewa jembe, lakini mfalme nani atampa jembe? Siku alipotaka kuondoka, Leontes akamsihi abaki. Akakataa. Malkia Hermione, mke wa Leontes, ambaye alikuwa mjamzito, akamsihi naye. Akakubali.

Hapo wivu ukamwingia Leontes. Mbona mimi amenikatalia, mke wangu amemkubalia? Akadhani wawili hao wanapendana kwa siri. Akadhani hata mtoto aliye tumboni si wake. Hapakuwa na siri yoyote, mwanangu. Leontes alikosea tu.

Alikosea, na nyumba ikabomoka. Polixenes akatoroka usiku. Hermione akatiwa kifungoni, akajifungua binti humo, akaburutwa kushtakiwa mbele za watu. Mwanawe wa kiume, Mamillius, mtoto wa umri wako, akafa kwa huzuni. Hermione akaanguka, ikasemwa naye amekufa. Yule kichanga akapelekwa ng'ambo, akaachwa kwenye ufuo wa Bohemia.

(Bohemia haina ufuo. Iko katikati ya Ulaya, katika nchi ya Cheki ya leo. Mshairi mwenzake Shakespeare, Ben Jonson, alimcheka kwa hilo. Mwache acheke. Jukwaani bahari huja ikiitwa.)

Mbele yetu kuna dubu, kuna miaka 16, kuna kito cha kijani na kuna sanamu. Tutafika kote.

"Lakini mjomba, ukitoa maneno yote, hadithi inabakije?"

Swali hilo! Watu wazima wengi hulipia tiketi, wakatazama hadi mwisho, wakarudi nyumbani wasiulize. Wewe umeuliza ukiwa umesimama mguu mmoja.

Fikiria jamaa wanaohama nyumba. Mlango wa nyumba mpya ni mwembamba. Samadari ya bibi, kile kitanda kikubwa cha kuchonga, haipiti. Wafanyeje? Wanaifungua vipande vipande, wanapitisha vipande, wanaiunga tena ndani. Kabati lililopigiliwa misumari halifunguki, basi linaachwa kwa jirani, hata kama lilipendwa. Na ule mkeka uliokuwa umekunjwa miaka yote nyuma ya mlango, kwa sababu nyumba ya zamani ilijaa vitu, sasa unapata nafasi. Unakunjuliwa, unatandikwa katikati ya chumba, na wageni wanauliza, "Kumbe mlikuwa na mkeka mzuri hivi?"

Mwalimu Nyerere naye alimhamisha Shakespeare. Alimleta kwenye Kiswahili: Julius Caesar mwaka 1963, kisha Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Lakini yeye alihama kutoka maneno kwenda maneno. Wheeldon alikuwa na mlango mwembamba zaidi. Kila kitu cha masikio ilibidi akitafutie kitu cha macho.

Tuanze na samadari yenyewe, yaani wivu.

Katika tamthilia, Leontes anasema sana. Anasema peke yake, anasema na watumishi, anasema hadi maneno yanamkatikakatika kinywani. Mahali pamoja anazungumzia buibui. Anasema mtu aweza kunywa kikombe chenye buibui ndani asidhurike, mradi hakujua. Akimwona tu, ataumwa, atatapika. Umeelewa? Kinachomuumiza mtu ni kudhani ameona.

Utachezaje hayo? "Kikombe" unaweza. "Mradi hakujua" huwezi. Mwili hauna neno hilo. Tafuta kitu cha macho.

Wheeldon akamtafuta buibui. Hermione, kwa furaha tu, anashika mkono wa mumewe na mkono wa mgeni wao, anaiweka yote miwili juu ya tumbo lake. Hapo, ghafla, muziki unabadilika. Leontes anautazama mkono wa rafiki yake juu ya tumbo la mkewe. Na vidole vyake mwenyewe vinaanza kujikunja. Vinatambaa. Vinakuwa miguu ya buibui. Mchezaji wa kwanza wa Leontes alikuwa Edward Watson, mtu mwenye viungo virefu vinavyopinda pale ambapo mimi na wewe tungevunjika. Alijikunja hadi ungedhani sumu inamtembea mwilini.

Hakuna aliyesema "wivu", na ukumbi mzima umeuona.

"Lakini mjomba, watazamaji wanajuaje kwamba Leontes amekosea? Huenda ni kweli!"

Ahaa! Hapo umenibana, na nimefurahi umenibana. Mwili hauna "labda", nilikuambia. Mchezaji akimkumbatia mchezaji mwenzake, basi wamekumbatiana. Densi haijui kusema "eti".

Dawa ilikuwa taa. Hermione na Polixenes wanatembea kirafiki kati ya sanamu za jumba la kifalme. Leontes amejibanza, anawachungulia. Mara mwanga unabadilika. Sasa wawili wale wale wanashikana kwa namna isiyofaa. Mwanga unarudi. Kumbe hawakushikana, wanatazama sanamu tu. Mwanga mmoja ni wa mambo yalivyo. Mwanga wa pili ni wa kichwani mwa Leontes. Nionavyo mimi, hapa baleti imeipita tamthilia. Kwenye tamthilia tunamsikia mtu mwenye wivu. Hapa tunaingizwa ndani ya kichwa chake, tunachungulia naye, na tunaona haya.

Sasa tumefika kwa dubu. Dubu ana malalamiko yake. Tumpe nafasi aseme mwenyewe.

"Asante. Mimi ni Dubu. Kazi yangu ni ndogo. Mtu mmoja mwema, Antigonus, alitumwa na Leontes kumtupa kichanga ufuoni. Amemlaza, ameweka na kito kando yake, anataka kurudi merikebuni. Hapo natokea mimi. Namfukuza. Namla. Basi! Shakespeare hakunipa hata neno moja la kusema. Alinipa maelekezo mafupi tu pembeni mwa ukurasa: mtu anatoka mbio, dubu yuko nyuma yake.

"Na mkaanza kubishana. Zamani zile, karibu na jumba la michezo la Shakespeare, palikuwa na viwanja ambamo dubu wa kweli walipiganishwa na mbwa ili watu wacheke. Basi wasomi wanabishana hadi leo: nilikuwa dubu wa kweli, au mtu aliyevaa ngozi? Siwaambii.

"Kinachoniuma ni hiki. Mtu mmoja jina lake Simon Forman aliitazama tamthilia tarehe 15 Mei 1611, akaenda nyumbani akaandika aliyoyaona. Akaandika habari za mfalme. Akaandika habari za mwizi mmoja mwenye matambara. Mimi je? Hakuniandika! Dubu anakula mtu mbele ya macho yako, wewe unakumbuka mwizi?

"Lakini mwaka 2014 nilipata heshima yangu. Bingwa wa vikaragosi kutoka Marekani, Basil Twist, alinitengeneza kwa hariri. Sikuwa ngozi tena, wala mtu ndani ya ngozi. Nilikuwa kitambaa kikubwa, kikubwa sana, kilichochorwa dubu. Dhoruba inavuma, kitambaa kinapaa, na ghafla kile kilichokuwa upepo kina uso na meno. Namfunika Antigonus. Nikiondoka, hayupo. Hakuna damu. Hakuna mtoto anayelia ukumbini, au wanalia wachache tu. Mnaonaje?"

Tunaona vizuri, Dubu. Kaa chini sasa.

Ameondoka na sifa zote, lakini amesema neno moja ambalo huenda limekupita. Amesema "kito". Kumbuka kito.

Maana baada ya dubu mchungaji anamwokota yule kichanga, na kisha inapita miaka 16. Shakespeare alifanyaje? Alimleta Wakati mwenyewe jukwaani, kama mtu, na saa yake ya mchanga mkononi. Wakati anatuomba radhi, anatuambia turuke miaka 16, tunaruka. Ni rahisi ukiwa na mdomo. Mwili hauna "miaka 16 baadaye".

Katika baleti pazia linafungwa mchungaji akiwa na kichanga. Likifunguliwa tena, dunia nyingine kabisa iko mbele yetu. Sicilia ilikuwa ya nguzo na mawe. Bohemia ni mti mmoja mkubwa ajabu, wenye kuvu ya kijani, umetundikwa hirizi za dhahabu. Mchoraji wa mandhari hayo ni Bob Crowley. Muziki nao umebadilika. Mtunzi wake, Joby Talbot, amewapandisha wapigaji jukwaani pamoja na wachezaji, na utasikia bansuri, ile filimbi ya mwanzi ya Wahindi. Chini ya mti anacheza binti, na anacheza na kijana anayempenda. Ni yule kichanga, jina lake Perdita. Kijana ni Florizel, mwana wa Mfalme Polixenes.

"Tutajuaje kwamba binti huyu ndiye yule kichanga?"

Kito! Mwanzoni kabisa, Leontes anamvisha Hermione mkufu wa zumaridi, kito cha kijani. Mkufu huo huo unaachwa ufuoni pamoja na kichanga. Na sasa, siku ya sherehe, mchungaji anamvisha Perdita. Umeona kazi ya kitu kidogo? "Binti wa malkia fulani, aliyepotea akiwa mchanga" ni sentensi ambayo hakuna mguu unaoweza kuicheza. Zumaridi inaisema kwa kumeremeta tu shingoni. Wheeldon hakulibuni jambo hili lote. Hata Shakespeare ana kito cha Hermione. Lakini kwake kito ni ushahidi mmoja kati ya mingi, na kuna barua pia. Katika baleti barua haina kazi, kwa hiyo kito kinabeba mzigo wote.

Na lile kabati lisilofunguka? Ni yule mwizi mwenye matambara, Autolycus. Anachekesha, anaimba, anauza nyimbo za uongo sokoni, anachomoa pochi za watu huku akiwaambia wajihadhari na wezi. Utamu wake wote uko ulimini. Baleti imemwacha. Hayumo. Mimi namsikitikia, nakiri, maana bila yeye Bohemia imekuwa tamu mno, kama chai iliyotiwa sukari na kila mtu aliyepita jikoni. Dubu hatasikitika.

Sasa mkeka.

Polixenes anagundua kwamba mwanawe anampenda binti wa mchungaji. Anawaka kwa hasira. Vijana wanakimbilia Sicilia, kwa nani? Kwa Leontes, baba ambaye Perdita hajui kwamba ni baba yake. Amekuwa mzee wa majuto, anayelia makaburini. Na hapo ndipo baba anamtambua binti yake. Jambo kubwa namna hiyo, Shakespeare analionyesha vipi?

Halionyeshi! Wanakuja mabwana watatu wa mjini, wanasimuliana: ungaliwaona walivyolia, ungaliwaona walivyokumbatiana. Sisi watazamaji tunaletewa habari tu, kama watu waliochelewa harusi. Ulikuwa mkeka uliokunjwa nyuma ya mlango. Wheeldon akaukunjua. Katika baleti wanavutana, kuna vurugu, na katikati ya vurugu kito kinaonekana kifuani mwa Perdita. Wote wanasimama. Sisi tumo, tunayaona machozi wenyewe.

Imebaki sanamu.

Paulina, mjane wa yule aliyeliwa na dubu, anamleta Leontes mbele ya sanamu ya Hermione. Inafanana naye kabisa. Leontes anapiga magoti. Sanamu inashuka. Inatembea. Ni Hermione mwenyewe, hakufa. Paulina alimficha miaka yote 16.

Chukua tamthilia siku moja, ukikua, usome mahali hapo. Utakuta Paulina anaamuru muziki upigwe ili kumwamsha malkia. Muziki! Kisha Hermione anamkumbatia mumewe shingoni. Anamwambia nini mwanamume aliyemfunga, akampotezea watoto, akamliza miaka 16? Hamwambii kitu. Hana hata neno moja kwa Leontes. Anasema na miungu, anasema na binti yake, basi. Mumewe anapata mikono tu.

Kwa hiyo nadhani Wheeldon hakuchagua tamthilia hii kwa kubahatisha. Shakespeare, bingwa wa maneno, alipofika mahali pagumu kuliko pote aliweka kalamu chini, akaita muziki, akaacha mwili useme. Pale mwanzo maneno yalikuwa ya Leontes, na yote yalikuwa makosa.

"Na Mamillius, mjomba? Naye anarudi?"

Harudi. Nilijua utauliza, na sitakudanganya. Katika tamthilia, dakika ile ya sanamu, furaha inawachukua watu wote mlangoni na hakuna anayemtaja mtoto. Katika baleti imekuwa vigumu zaidi kumsahau, kwa sababu kando ya sanamu ya mama ipo sanamu ya mtoto. Hermione anashuka. Mtoto anabaki jiwe. Paulina, ambaye mumewe hatarudi pia, anabaki naye. Baleti ingeweza kuisha kwa harusi. Mimi nasema wamefanya haki.

Umeniuliza mengi, sasa nami nikuulize moja. Wachezaji wa London wakizeeka, nani atakumbuka vidole vya buibui vilitambaa kutoka wapi kwenda wapi? Hakuna kitabu cha maneno cha kufungua. Na mwaka 2015 baleti hii ilichezwa Toronto, na wachezaji wengine kabisa.

Video husaidia, lakini video huonyesha upande mmoja tu. Royal Ballet wana maandishi ya densi. Yalibuniwa na mume na mke, Rudolf na Joan Benesh, miaka ya 1940 na 1950. Yeye Joan alikuwa mchezaji baleti, mumewe alikuwa mhasibu. Walichora mistari mitano, kama ya kuandikia muziki. Mstari wa juu ni utosi. Wa pili mabega. Wa tatu kiuno. Wa nne magoti. Wa tano ni sakafu. Juu ya mistari hiyo unaweka alama ndogo: mkono uko hapa, mguu uko hapa, sasa mwili uko hewani. Kuna watu ambao kazi yao ni hiyo, wanakaa pembeni ya chumba cha mazoezi na penseli.

Chukua karatasi. Chora mistari mitano. Ule mruko wako wa furaha wa mwanzoni, uandike. Mikono ilikuwa juu ya utosi au usawa wa mabega? Magoti yalikunjwa? Ukimaliza, mpe dada yako asome, aruke. Akiruka tofauti na ulivyoruka wewe, msigombane. Angalieni kwanza mstari wa magoti. Wengi hukosea hapo.